Karatasi Isipobadilika Rangi

Chai aliyonimiminia mama mdogo ilikuwa nyeusi yenye ubuluu wa mbali, kama wino. Ilikuwa mwezi wa Agosti, salfa bado inanukia kwenye mikorosho, nami nilikuwa nimefika kwake, katika bonde la Lukuledi, kusini mwa Tanzania, bila kutoa taarifa.

"Maji ya pampu hayo, mwanangu," akasema kabla sijauliza. "Ningejua unakuja ningechota ya kisimani. Kule chai inatoka nyekundu nzuri."

Akanieleza kwamba nyumba nyingi za kitongoji chao zimeiacha pampu. Maji yake wanafulia nguo za rangi na kumwagilia mchicha, basi. Shati jeupe la shule ukilifua kwa maji hayo mara tatu linageuka rangi ya udongo. Ya kunywa na kupikia wanayafuata kwenye kisima cha kuchimba kwa jembe, kisicho na mfuniko, ambacho hata mbuzi wanaijua njia yake. Niliposhuka naye kuchota nikaona maji meupe, yaliyotulia, na mdomoni matamu. Nikayanywa. Siku mbili baadaye tumbo likanieleza nilichokunywa.

Nimeirudia chai ile kichwani kila ninaposoma habari za vihisi vya rangi, yaani vile vipimo vya kemikali vinavyobadilika rangi vikikutana na metali zilizoyeyuka majini. Wanakemia duniani kote wanavitengeneza kwa wingi, na kila mara tunaambiwa kwamba ni rahisi, havihitaji umeme, na mwanakijiji yeyote anaweza kuvitumia. Mimi natoka mikoa hii ya kusini na ningependa sana vipimo hivi vifike Newala, Nachingwea na Ruangwa. Ila nataka vije na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: karatasi ya kipimo ikinyamaza, ikabaki na rangi yake ileile, haijasema kwamba maji ni salama.

Kwanza kikombe chenyewe. Majani ya chai yana tanini, kile kitu kinachokaza ulimi, na ndicho kinachokupa ukakasi ukiuma bibo. Tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka, viwili hivyo hushikana na kutoa weusi wenye ubuluu. Ulaya iliandika nyaraka zake kwa karne nyingi kwa wino uliotokana na mshikamano huohuo. Na karne ya 1, Mrumi aitwaye Pliny aliandika jinsi ya kulowesha mafunjo katika maji ya vinundu vya mti wenye tanini ili kumkamata mfanyabiashara aliyechanganya chumvi ya chuma kwenye bidhaa ya shaba: mafunjo yakiwa meusi, umedanganywa. Karatasi ya kupimia metali, basi, ina umri wa karibu miaka 2,000, na mama mdogo anayo ya aina yake kwenye kopo la majani ya chai.

Kipimo chake hakikukosea. Chuma kilikuwamo. Kosa lilikuwa katika uamuzi uliofuata, na silioni kuwa lake peke yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Chuma cha kiasi kile kinaharibu chai na mashati kabla hakijamdhuru mtu. Shirika la Afya Duniani halijakiwekea chuma kikomo cha kiafya majini. Ile miligramu 0.3 kwa lita inayotajwa sana ni ya ladha na madoa. Kisima cha wazi kina vijidudu vya kuhara, na kuhara kunaua watoto. Kwa hiyo rangi iliwatoa watu kwenye maji yenye aibu ikawapeleka kwenye maji yenye ugonjwa. Hili halikutokea kwao tu. Pampu nyingi za vijijini barani Afrika zimeachwa kwa sababu hii ya kutu, na mara nyingi kutu yenyewe inatoka kwenye mabomba ya pampu, si ardhini.

Kuna kitu kingine mama alinionyesha pale pampuni. Kwenye dimbwi la maji yaliyomwagika palikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Vijana wa pale wanaamini ni mafuta, na mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay na Songosongo jirani una haki ya kuamini hivyo. Nikachukua kijiti, nikauchoma utando. Ukapasuka vipande vipande kama ganda jembamba la yai, na vipande vikabaki mbalimbali. Mafuta yangefunga tena mara moja. Ule ulikuwa utando wa bakteria wanaoishi kwa chuma. Kijiti kile ni kipimo pia, hakina gharama, na waliokuwa karibu walikirudia mara nyingi baada yangu.

Sasa tuingie kwa wanakemia. Kihisi cha rangi, ukikivua maneno makubwa, kina sehemu mbili: mkono unaokamata, na bendera inayopandishwa mkono ukishakamata. Mkono ndio wenye kazi ngumu, maana majini mna kalisi, magnesi, sodiamu na kadhalika kwa wingi, na mkono unatakiwa uviache vyote hivyo ukamshike mmoja tu, tuseme risasi, aliye mchache kuliko wote. Charles Pedersen, mkemia wa Marekani aliyezaliwa Busan, Korea, alifungua njia hii mwaka 1967 alipochapisha habari za molekuli zenye umbo la pete. Pete ya ukubwa fulani humkubali potasiamu akakaa katikati yake barabara, na aliye mdogo au mkubwa zaidi hatulii vizuri. Mwaka 1987 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Jean-Marie Lehn na Donald Cram kwa kazi ya namna hiyo. Tangu hapo ufundi wa kuchonga mikono umeendelea bila kusimama.

Bendera ninayoipenda kuliko zote ni ya rodamini. Hii ni rangi ya waridi kali, lakini ukiifunga kwa kifungo fulani cha kikemia inapotea kabisa, maji yanabaki meupe. Mwaka 1997 kundi la Anthony Czarnik lilionyesha kwamba shaba inaweza kuwa ufunguo: shaba ikiingia, kifungo kinafunguka, na waridi inarudi. Wengine wametumia dhahabu. Chembe za dhahabu zilizo ndogo mno hazina rangi ya pete ya harusi; zikitawanyika majini ni nyekundu ya damu, jambo ambalo Michael Faraday alilichunguza na kulieleza mwaka 1857, na zikikusanyika zinakuwa za buluu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliziunganisha chembe hizo kwa vipande vya DNA ambavyo risasi inaweza kuvikata. Pasipo na risasi, mkusanyiko wa buluu. Penye risasi, nyuzi zinakatika na wekundu unarudi. Mtu aliyezaliwa karibu na machimbo ya dhahabu ya Ruangwa akiliona hilo atasimama kidogo.

Uzuri huo wote ni wa kweli, na sitaki kuupunguza. Lakini tupige hesabu, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha risasi katika maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita. Fikiria boza la maji la lita 10,000, lile linaloleta maji kwenye maeneo ya ujenzi. Weka maboza 10 kwenye mstari. Chukua gramu 1 ya risasi, punje tu iliyokwanguliwa kwenye chubwi la mshipi wa mvuvi, iyeyushe, uigawe sawasawa katika maboza yote 10. Umefika kikomoni. Jicho la binadamu linatakiwa lione rangi iliyozaliwa na uchache huo ndani ya kichupa cha kidole.

Taarifa nyingi za vihisi vya rangi hujivunia kuona metali kwa kiwango cha maikromoli 1 kwa lita, au karibu na hapo. Neno maikromoli linafunika jambo, maana linahesabu idadi ya chembe, si uzito wake. Kwa shaba, maikromoli 1 ni maikrogramu 64 hivi, na kikomo cha shaba ni maikrogramu 2,000. Kihisi kinaiona shaba mapema sana, muda mrefu kabla haijadhuru. Kwa risasi, maikromoli 1 ni maikrogramu 207, yaani mara 20 ya kikomo. Zebaki ni mbaya zaidi: maikrogramu 200 dhidi ya kikomo cha 6. Kipimo kimoja, sifa ileile iliyoandikwa kwenye kasha, ni mlinzi mzuri kwa metali isiyo na madhara makubwa na ni mlinzi aliyelala kwa metali zinazoharibu akili za watoto. Wapo vihisi wanaofika chini kabisa, kile cha dhahabu na DNA kikiwa na uwezo mkubwa, lakini hao huja na masharti ya utunzaji na bei ambayo sijaona ikishuka hadi kwenye duka la dawa la mji mdogo wa Mtama.

Waliosoma kemia sekondari wanaikumbuka chumvi isiyojulikana ya mtihani wa vitendo. Unaweka amonia kwenye mrututu, ile chumvi ya shaba, buluu nzito inatoka, darasa zima linashangaa. Unaweka iodidi ya potasiamu kwenye chumvi ya risasi, unjano unashuka kama unga wa manjano. Niliyapenda masomo hayo kuliko yote. Ila yalinipa picha potofu ambayo ilinichukua miaka kuifuta: kwamba risasi ikiwepo, unjano utaonekana. Ule unjano unahitaji risasi nyingi mno. Maji yenye risasi mara 10 ya kikomo ukiyamiminia iodidi hayatabadilika hata kidogo. Yatakaa meupe pale kwenye mrija, na mwanafunzi mwangalifu ataandika daftarini: risasi hakuna.

Na ndilo ninalolihofia likihamia kijijini. Mtu anachovya karatasi, anasubiri dakika mbili, karatasi inabaki njano kama ilivyokuwa. Mwenyekiti anatangaza mkutanoni kwamba kisima kimepimwa, hakina sumu. Nani atasimama kuuliza karatasi ile inaona kuanzia wapi?

Bangladesh walilipia somo la kutopima ipasavyo kwa bei isiyosemeka. Kuanzia miaka ya 1970 watu walihamasishwa waache madimbwi, wanywe maji ya visima vya bomba, na mamilioni ya visima vikachimbwa. Maji yalikuwa meupe, baridi, bila vijidudu vya kuhara. Aseniki, sumu iliyotoka kwenye tabaka za ardhi, haikuwa na rangi, harufu wala ladha, na vipimo vya kawaida vya wakati ule havikuitafuta. Ilipothibitishwa mwaka 1993, watu wengi walikuwa wameshainywa kwa miaka mingi, na madoa yalikuwa yameanza kutokea kwenye viganja na nyayo. Ndipo kipimo cha rangi kilipoingia, cha zamani kabisa, chenye jina la Gutzeit wa Ujerumani tangu mwaka 1879: aseniki inageuzwa kuwa gesi, gesi inapanda hadi kwenye karatasi iliyopakwa chumvi ya zebaki, karatasi inatoka unjano kuelekea hudhurungi kadiri aseniki inavyozidi. Visima karibu milioni 5 vilipimwa. Kilichozidi kikapakwa rangi nyekundu mdomoni, kilicho salama kijani.

Naliheshimu zoezi lile. Liliokoa watu, maana wengi walikuwa na jirani mwenye bomba la kijani hatua chache kutoka kwao, wakaenda kuchota huko. Lakini mstari kati ya nyekundu na kijani uliwekwa maikrogramu 50, kikomo cha nchi yao, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Yule mwenye kisima cha maikrogramu 40 alipakiwa kijani. Kisha visima vipya vikaendelea kuchimbwa bila kupimwa, na rangi kwenye vile vya zamani ikachakaa kwa jua na mvua. Kijani nacho kikawa ahadi ambayo mpakaji hakuwa na uwezo wa kuitimiza.

Kwetu kusini sina sababu ya kumtisha mtu kwa aseniki. Hofu zangu ni nyingine, na ya kwanza iko kwenye pampu yenyewe. Utafiti uliofanywa Ghana, Mali na Niger na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta risasi kwenye baadhi ya maji ya vijijini, na chanzo kilichoonekana ni vipuri: shaba ya manjano ya valvu na viungio, ambayo hutengenezwa ikiwa imechanganywa na risasi kidogo ili ichongeke vizuri. Hakuna mgodi hapo, wala kiwanda. Maji yakiwa na uchachu yanalala usiku kucha yakiilamba shaba ile, na ndoo ya kwanza ya alfajiri inatoka na kilichoyeyuka. Kwetu ndoo ya kwanza ya alfajiri anaichota mtoto kabla ya kwenda shule, kwa sababu foleni bado fupi. Mtaalamu akifika na kichupa chake saa tano, pampu imeshapigwa mamia ya mara na maji yamejisafisha. Akipima wakati huo atapata jibu la kweli kuhusu maji ambayo yule mtoto hakuyanywa.

Neno uchachu nimelitaja makusudi. Mikorosho ya Mtwara na Lindi imepuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga kwa zaidi ya miongo mitatu, na wakulima hatuwezi kuiacha kirahisi, mavuno yanakwenda. Sehemu ya unga ule huanguka chini, bakteria wa udongo wanaugeuza kuwa asidi, na udongo wa kichanga wa Nyanda za Makonde hauna nguvu ya kuituliza asidi. Watafiti wameushuhudia udongo wa chini ya mikorosho ukichachuka. Kutoka udongo wa juu hadi maji ya kina kirefu ni safari nyingine, na sisemi imekwisha kufanyika. Ninachosema ni kwamba kipimo kilicho rahisi kuliko vyote, karatasi ya pH, yaani ya kupima uchachu (namba ikishuka, uchachu umezidi), kinatuambia mapema ni maji yapi yana uwezo wa kuyala mabomba. Karatasi hiyo haioni risasi hata chembe. Lakini ikionyesha pH iliyoshuka chini ya 6.5 kwenye pampu yenye viungio vya shaba ya manjano, imekuelekeza kisima cha kupelekewa mtaalamu kwanza. Kwangu karatasi ya senti inayojua kunyoosha kidole ina thamani kuliko kihisi cha bei kinachojifanya hakimu.

Hofu yangu ya pili iko Ruangwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa nchini wanatumia zebaki kukusanya dhahabu, kisha wanaichoma ili iruke. Inayoruka wanaivuta wao na wake zao wanaopika karibu. Inayomwagika na mchanga wa kuoshea inatua kwenye tope la kijito, na ndani ya tope bakteria wanaigeuza kuwa aina ambayo inapanda kwenye mwili wa samaki na kulimbikizwa. Maji yenyewe juu ya tope yanaweza kuwa na zebaki kidogo sana. Chovya kihisi cha rangi hapo, kitanyamaza, nacho kitakuwa kimesema kweli kuhusu maji. Kambare aliyeko chini ana habari nyingine. Mwenye nia ya kuwalinda watu wa Namungo kwa zebaki aanze na moshi na samaki, na kihisi cha maji kije baadaye.

Kuna wanaosema watu wa vijijini hawataelewa vipimo. Siwakubali hata kidogo. Mikoa hii ni ya chumvi. Kutoka Kilwa hadi mwambao wa Mtwara watu wanaanika maji ya bahari, na tangu sheria ya kuweka madini joto ilipokuja miaka ya 1990, tone la kipimo cha iodini limekuwa jambo la kawaida. Afisa anadondosha tone lenye wanga juu ya chumvi. Ikiwa na madini joto inageuka buluu ya zambarau, isipokuwa nayo inabaki nyeupe. Nimeona mama muuza chumvi sokoni akimwomba afisa arudie tone upande wa pili wa gunia kwa sababu, alisema, huku juu jua limeichoma. Alikuwa sahihi, iodini hupungua kwa jua na unyevu. Kipimo cha haraka cha malaria nacho kila mzazi anajua kukisoma: mistari miwili, mstari mmoja, na bila mstari wa udhibiti kipimo kimekufa, rudia. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka kwenye vihisi vya maji. Kila pakiti iwe na kichupa kidogo chenye metali kwa kiwango cha kikomo, mtu akijaribu hapo kwanza aone kama karatasi yake bado ina macho. Karatasi iliyokaa ghalani kwa joto la Lindi miezi minane inaweza kuwa imekufa, nayo ikifa haibadiliki rangi, yaani inafanana kabisa na habari njema.

Na maandishi ya kwenye kasha yawe Kiswahili, yaseme kisichoonekana kabla ya kinachoonekana. "Karatasi hii huonyesha chuma na shaba. Haionyeshi risasi iliyo chini ya kiasi hiki. Haionyeshi zebaki, aseniki wala vijidudu." Herufi kubwa, upande wa mbele.

Kazi ya maabara inabaki palepale. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Mtwara, na vifaa vya maabara vinafika kwenye maikrogramu ambako jicho haliwezi. Tatizo ni barabara na kichupa. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni karibu kilomita 200, na sampuli ya metali ikibebwa kwenye chupa tupu ya maji ya dukani, sehemu ya risasi inajishika kwenye kuta za plastiki njiani. Maabara inapima kilichobaki. Sampuli inahitaji chupa safi iliyotiwa asidi ya nitriki kidogo. Hizo chupa zingeweza kukaa wilayani, kwa fundi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, zikisubiri karatasi za vijiji zinyooshe kidole. Visima ni vingi, hakuna maabara inayoweza kuvipima vyote kila mwaka, lakini inaweza kupima vile 10 ambavyo karatasi imevitilia shaka, na vingine 10 vilivyochaguliwa bila kutazama katika vile ambavyo karatasi imenyamaza. Hivi vya pili nisingekubali viachwe. Ndivyo vitakavyotuambia ukimya wa karatasi una thamani gani hapa kwetu.

Mtu ataniuliza, na wakikuta risasi, halafu? Ni swali la haki, kwa sababu juu ya Nyanda za Makonde hakuna kijito cha kukimbilia. Maji yako mbali chini, na wazee wanakumbuka safari za usiku za kuyafuata bondeni. Huwezi kumwambia mtu wa huko asinywe kisha ukapanda gari. Lakini risasi ya kwenye kiungio ina tiba ambayo haihitaji mradi mkubwa: kiungio kibadilishwe kwa chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu, na kabla ya hapo ndoo mbili za kwanza za alfajiri ziende kwenye bustani. Chuma nacho kinachujika. Yamwage maji yaanguke kutoka juu yakutane na hewa, yaache yatulie, yapitishe kwenye mchanga. Wekundu unabaki mchangani. Mafundi waliochimba visima vyetu kwa msaada wa Finland tangu miaka ya 1970 waliacha watu kadhaa wanaoijua kazi hii mpaka leo, wengine wazee sasa, na sijui kwa nini hatuwaiti wafundishe.

Nilirudi kwa mama mdogo mwezi wa Novemba nikiwa na karatasi za pH, vipimo vya chuma na ndoo mbili zilizotobolewa, mchanga wa mtoni ndani yake. Tulimwagia maji ya pampu kutoka juu, tukayaacha usiku mzima, asubuhi tukayachuja na kuyachemsha. Chai ilitoka nyekundu. Aliishika juu ya mwanga wa mlango, akaizungusha kikombeni, akanywa.

"Hii ni ya pampu?"

"Ya pampu, mama."

Akaenda kumwita jirani yake aje aone. Karatasi ya pH ilikuwa imeonyesha 6, au chini kidogo, na viungio vya pampu ile ni vya shaba ya manjano. Nikamwambia kwamba chai nyekundu imejibu swali la chuma tu, na kwamba kuna kingine ambacho chai haikijui, wala karatasi zangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza chupa ya maabara inapatikana wapi, na kama yeye mwenyewe anaweza kuichukua ile ndoo ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajafika. Nilimwambia anaweza. Chupa mbili zenye asidi zilifika wiki iliyofuata kwa basi la Masasi, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na jina lake juu.